Nyonga za Otmari Gama

Jiwe lilimpiga Severini Haule tumboni saa saba na robo mchana. Kufika saa nane wenzake wanne walikuwa wamemfikisha kwenye tangi kubwa la kutokea handakini, wamembeba kwa turubai, kila mmoja ameshika pembe yake. Niliwaona kupitia kidirisha cha kioo, kinene, kidogo kama sahani ya chai. Nje ya kioo nilikuwa mimi na koki zangu za hewa.

"Mtani," sauti ya Otmari Gama ikaingia sikioni, nyembamba, kama ya mtu aliyebana pua. Hewa nzito humfanya kila mtu aongee hivyo. "Tumeingia wote watano. Mlango wa handaki nimeufunga mwenyewe. Tutoe."

"Severini anaongea?"

"Anaongea upuuzi. Ila hata siku nyingine anaongea upuuzi." Akambonyeza tumbo kwa kiganja. "Tumbo limekuwa gumu kama ubao, Agripina."

Aliponiita kwa jina langu nilijua hali ni mbaya. Kwa miezi sita hakuwahi kuniita Agripina. Mimi ni Mhehe, yeye ni Mngoni, na tangu siku ya kwanza nilikuwa "mla mbwa" naye alikuwa "mla panya", na kila asubuhi kabla hajashuka handakini alikuwa akinigongea kioo na kuniuliza nimekula kichwa au mkia.

Daktari Mwatumu alifika akikimbia, viatu mkononi. Aliuliza maswali manne kwa spika, akasikiliza, kisha akanigeukia.

"Anavuja damu ndani. Chumba cha upasuaji kiko tayari, lakini siwezi kumpasua ndani ya tangi. Nipe ndani ya saa mbili. Mbili na nusu nitakuwa nashona maiti."

Nikaitazama Kadiri.

Kadiri ni mashine inayoamua mwendo wa kutoka. Handaki letu lilikuwa likichimbwa chini ya tope la Ziwa Nyasa, kutoka bandari ya Mkalole, na ili maji yasiingie hewa ilishindiliwa humo mpaka ikawa nzito mara nne ya hii tunayovuta. Mwili wa anayefanya kazi mle huinywa hewa hiyo kama kitambaa kinavyokunywa maji. Ukimtoa mtu polepole, anaipumua yote ikaisha. Ukimtoa haraka, hewa inageuka mapovu ndani ya damu. Mapovu mengi hupita salama. Lakini kichwa cha mfupa wa paja, pale kinapoingia kwenye nyonga, kinalishwa na vijishipa vyembamba kama uzi wa kushonea. Povu likikwama hapo, mfupa unakosa damu na kufa kimyakimya. Mwenyewe hana habari. Anacheka, anacheza na watoto, mpaka miezi imepita, siku moja anakanyaga ngazi na mfupa unabonyea kama ganda la yai.

Si watu wote wako sawa. Wapo ambao vinasaba vyao vinawalinda. Wapo ambao damu yao ni nyepesi kuganda, au mfupa wenyewe umefumwa legelege tangu tumboni mwa mama. Ndiyo maana kila anayeomba kazi anatema mate kwenye kichupa, mate yanasomwa, anapewa daraja, la kwanza kwa nyonga imara mpaka la tano kwa nyonga dhaifu. Kadiri humtafuta mwenye nyonga dhaifu kuliko wote waliomo tangini, na wote hutoka kwa mwendo wake. Haibembelezwi. Haipokei neno la mlinda koki wala la bosi.

Kioo chake kilionyesha majina matano, na mbele ya kila jina daraja la kwanza au la pili. Chini yake, kwa kijani: *Kutoka kwa haraka kunaruhusiwa. Saa moja na dakika hamsini.*

"Mungu ni mkubwa," alisema Daktari Mwatumu. "Anza."

Nikashika koki. Mkono haukuzunguka.

* * *

Miezi sita nyuma, mimi ndiye niliyepokea mate ya Otmari Gama.

Alikuja dirishani na kichupa kimeshajaa, wakati kanuni inasema mtu ateme mbele yako. Nikamuuliza mbona umetemea nyumbani. Akacheka, akaegemea dirisha kama yuko kwenye kaunta ya duka.

"Haya mate si yangu, mtani. Nimeazima kwa shemeji. Mimi nyonga zangu zimeoza tangu kwa babu, wewe mla mbwa ungeziona ungeomba mifupa."

Watu wote kwenye foleni walicheka, nami nikacheka mpaka nikashika mbavu. "Lete tu," nikamwambia, "hata ungeleta ya panya wa chakula chako ningepokea." Nikagonga muhuri. Nani anamshika mtani kwa maneno yake? Mtani anaweza kuja msibani akakuambia marehemu alikuwa mwizi wa kuku, na wewe unafuta machozi unacheka. Neno la utani halina kesi.

Sasa nimeshika koki nikakumbuka kila kitu kwa mara moja. Kwamba jioni akipanda ngazi za kutokea, Otmari alikuwa akibana kinena kwa kidole gumba. Kwamba aliwahi kunisimulia baba yake alianza kutembelea fimbo kabla hajafika miaka arobaini. Na kwamba hakuna siku aliyonitania huku uso wake umetulia vile kama siku ile ya kichupa.

Alikuwa ameniambia ukweli. Aliuweka mahali pekee ambapo nisingeweza kumshtaki nao.

"Agripina," alisema Daktari. "Unangoja nini?"

"Sekunde moja, daktari. Naangalia geji."

Nikabonyeza kitufe cha sikio lake peke yake.

"Otmari. Sitanii. Yale mate yalikuwa ya nani?"

Kupitia kioo nilimwona amepiga magoti, mkono wake chini ya kichwa cha Severini. Hakuinua uso.

"Ya shemeji," alisema polepole. "Nilikuambia."

"Na daraja lako ni la ngapi?"

"La tano. Nilipimwa Songea kwa siri, kwa jina lingine. Sasa fungua koki."

"Nikifungua kwa mwendo huu, nyonga zako zimekwisha. Zote mbili. Unanielewa?"

"Nyonga ni zangu."

"Otmari..."

"Sikiliza, mama Twilumba. Mimi nina mabinti wawili. Nikiandikwa mimi, wanaandikwa wao leo hii, bila hata kupimwa, mpaka wafike miaka kumi na minane. Hakuna michezo, hakuna safari za shule, na kila mwenye mtoto wa kiume atajua, nani atawaposa? Wewe unajua hilo kuliko mimi." Akavuta pumzi. "Nitatembea na fimbo kama baba. Kuna watu wanatembea na fimbo. Fungua."

Nilijua, ndiyo. Mimi mwenyewe ni daraja la tano, ndiyo sababu niko upande wa nje wa kioo. Twilumba wangu ana mwaka mmoja na miezi minne, na jina lake liliingia kwenye Daftari la Nyonga, la watu wa tano na watoto wao, kabla kitovu hakijakauka. Mama mkwe alilia siku tatu. Nilipokuwa nikimwogesha nilikuwa nikivishika vile vipaja laini, nanyosha mguu mmoja, nanyosha mwingine, najiuliza kama ndani yake kuna kitu kinangoja.

Lakini mkono uliokuwa kwenye koki ulikuwa wangu. Yeye angezitoa nyonga zake. Mimi ndiye ningezivunja.

"Dakika mbili zimepita!" Daktari alipaza sauti.

Nikabonyeza spika ya wote.

"Natumia tangi dogo. Hewa yake ni kidogo, inatoka sawasawa, na mlango wake unafungukia karibu na chumba cha upasuaji. Linabeba wanne. Severini na wenzake watatu waingie sasa hivi. Otmari, wewe baki tangi kubwa, nahitaji mtu wa kukaza mlango wa kati kutokea upande huo."

Otmari aliinua uso sasa. Alinitazama moja kwa moja kupitia kioo, macho mekundu kwa vumbi la mwamba.

"Mla mbwa," alisema kwa sauti ambayo wote walisikia, "una akili za kuwinda."

* * *

Severini alitoka saa kumi kasoro dakika nane, anapumua. Daktari Mwatumu alimpokea mlangoni na sikumwona tena. Wale watatu walikaa sakafuni, wakapewa chai ya tangawizi.

Mzee Kilasi, msimamizi wa zamu, alishuka kutoka ofisini na Yustina nyuma yake. Yustina ndiye mlinda koki wa zamu ya jioni.

"Kazi nzuri, mama Twilumba. Sasa mtoe huyu Mngoni tukapumzike. Saa tano tu, kwa mwendo wa kawaida."

"Hawezi kutoka peke yake, mzee. Kanuni ya tangi. Mtu hatolewi kwenye hewa nzito bila mwenzake tangini, akizimia nani atamwona?"

"Aa, kweli. Basi Yustina ataingia."

"Naingia mimi."

Yustina alinitazama kama nimesema nitaruka juu ya paa. Mzee Kilasi alivua miwani.

"Wewe ni wa tano."

"Wa tano haruhusiwi kufanya kazi handakini. Kukaa tangini hakujakatazwa, nimeisoma kanuni yote. Na mimi ndiye niliyemwacha humo, mzee. Siwezi kumwacha kisha nikampa mtu mwingine akamtoe."

"Unajua Kadiri itafanya nini ukiingia?"

"Najua."

"Saa thelathini na moja! Utamweka mtu mzima saa thelathini na moja kwa kazi ya saa tano? Kwa sababu ya kanuni?"

Sauti ya Otmari ikatoka kwenye spika, nyembamba. "Mwache aje, mzee. Wahehe wakikaa na Mngoni saa nyingi ndipo wanapata adabu."

Wale watatu sakafuni wakacheka, kicheko kilichochoka. Kilasi hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu, na nikadhani ameshaona, kwamba ataniuliza, nami nitajibu. Akavaa miwani.

"Mtoto je?"

"Yuko kwa mama yangu. Tutapitisha maziwa kwenye kijidirisha cha chakula."

Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka niliposikia mdomo wangu ukilisema. Twilumba hajalala usiku hata mmoja bila kunyonya.

Nikaingia tangi dogo. Yustina akafungua koki, hewa ikaanza kunishindilia masikioni kama vidole viwili. Nikabana pua, nikapuliza, masikio yakafunguka, yakaziba tena. Joto likapanda. Ndani yangu, mahali nisipoweza kupashika, kila pumzi ilikuwa ikinywewa na mifupa ile niliyoilinda tangu nina miaka kumi na sita. Nilijiambia kwamba nitakaa kwenye uzito wa juu kwa dakika chache tu, kwamba mwendo wa kutoka umepimwa kwa watu kama mimi. Nilijua hesabu zote.

Mlango wa kati ukafunguka. Otmari alikuwa amesimama hapo.

Nyuma yangu, kwenye kioo kidogo cha ndani, Kadiri iliandika jina langu, ikatafakari, ikafuta saa tano na kuandika saa thelathini na moja.

* * *

Otmari alikaa benchi la kushoto, mimi la kulia, magoti yetu karibu yanagusana. Ndani ya hewa nzito huwezi hata kupiga mluzi, midomo inakataa. Tulisikiliza koki ikitoa hewa kidogo kidogo, kama mtu anayelala.

Saa kumi na mbili kasoro maziwa yalijaa mpaka yakauma. Nikamwomba ageuke. Akageuka, akatazama ukuta, nami nikakamua kwenye chupa.

"Usikaze kifuniko," alisema akiwa amenipa mgongo. "Hewa ya humu ni nzito kuliko ya nje. Ukikikaza, yatamrukia bibi yake usoni."

"Nalinda koki, Otmari. Najua."

"Nakukumbusha tu. Wahehe husahau."

Nikaweka chupa kwenye kijidirisha, kifuniko kimelegea. Mkono wa Yustina ukaichukua upande wa pili. Kupitia kioo nilimwona mama yangu amefika, kambeba Twilumba kifuani, kwa sababu nyonga ya mama haimruhusu kumfunga mgongoni. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu, sikusikia chochote. Kisha akaiona chupa.

Nilikuwa nimegeukia kioo bado aliposema, "Kwa nini umefanya hivi? Mimi nilishachagua."

"Ulichagua kwa dakika moja, umemshika mtu anayekufa. Nimekuletea saa thelathini. Chagua tena."

"Nikichagua vilevile?"

"Basi tutatoka kesho usiku, nyonga zako nzima, na mimi nitafunga mdomo. Utaacha handaki, utasema umechoka."

"Na Twilumba wako? Anaonewa?"

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia kuhusu jirani aliyemwondoa mwanawe asicheze naye, kana kwamba mfupa unaambukiza. Nikamwambia kuhusu mama mkwe. Kisha nikamwambia kuhusu mwezi wa nne, Twilumba alipobanwa kifua mpaka midomo ikawa ya bluu. Nesi alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano, steroidi, ile kali ya kupunguza uvimbe. Akasoma jina kwenye daftari, akasita, akamwita daktari.

"Daktari akasema kwa mtoto wa tano wanaanza na dawa nyingine, maana steroidi ikitumika muda mrefu inaua mfupa uleule wa nyonga, kama mapovu. Wakampa hiyo nyingine. Ilichelewa kidogo, nilizeeka usiku ule, lakini akapona. Nilikuwa nalichukia daftari lile, Otmari. Bado silipendi. Lakini siku ile lilisimama kati ya mwanangu na sindano."

Nikageuka.

Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Gaudensia ana pumu," alisema. "Binti yangu wa pili. Ana miaka saba."

"Anatumia nini?"

"Vidonge vyeupe. Kila siku. Mwaka wa pili sasa." Akalitaja jina la vidonge, taratibu, kama anasoma kutoka kwenye boksi.

Ilikuwa steroidi ileile. Hakuhitaji niseme, alikuwa akinitazama usoni.

"Wiki iliyopita," alisema, "mama yake aliniambia mtoto anachechemea akitoka shule. Nikasema ni viatu. Nikamnunulia viatu."

"Huenda kweli ni viatu."

"Agripina."

"Huenda ni mwanzo tu. Kwa mtoto mdogo mfupa ukigunduliwa mapema unaweza kuota upya, nimefundishwa hivyo, na nimewaona. Wanapumzishwa, wanapimwa, wanarudi kukimbia. Ila lazima daktari ajue anatazama nini."

Otmari alisimama. Tangi ni fupi, kichwa chake kiligusa bati. Alichukua simu ya ukutani, ile ambayo kila neno lake hurekodiwa, akaishika bila kuongea mpaka nikamsikia Mzee Kilasi akiita halo, halo, kuna nini humo.

"Mzee, andika," alisema. "Otmari Gama. Daraja la tano. Nilileta mate ya mtu mwingine. Na andika mabinti zangu, Fransiska na Gaudensia. Kisha tuma mtu nyumbani kwangu jioni hii hii, amchukue Gaudensia ampeleke kwa Daktari Mwatumu. Mwambie daktari anatumia vidonge gani. Mama yake asimwachishe ghafla, aseme daktari kwanza."

Halafu sauti ya Kilasi, kavu. "Nani alipokea mate hayo?"

Otmari alifungua mdomo. Nikamnyang'anya simu.

"Mimi, mzee. Aliniambia si yake, nikacheka, nikagonga muhuri. Andika na hilo."

Nilisikia kalamu. Nilisikia Kilasi akimwambia Yustina amwite dereva, na Yustina akikimbia. Kupitia kioo mama yangu alikuwa ameketi, Twilumba ameshika chupa kwa mikono yote miwili, amesinzia huku ananyonya.

Kadiri ililia mara moja, kama inavyolia kila inapopokea daraja jipya kutoka Daftarini. Tukaitazama sote wawili. Ikafuta daraja la kwanza mbele ya jina la Otmari Gama, ikaandika la tano, ikapiga hesabu upya. Saa zilizobaki hazikubadilika hata dakika moja. Ilikuwa tayari inakwenda kwa mwendo wetu.